Lango Litafunguliwa Siku ya...

Bwenini, Februari 2

Shikamoo Baba,

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma za maktaba, mahali ambapo hapapiti mtu ila mfagiaji. Wenzangu wako uwanjani. Niliwaambia kichwa kinaniuma, na sasa kimeanza kuuma kweli, nadhani kwa aibu.

Shule ni nzuri. Vitabu ni vingi kuliko nilivyowaza, na mtunza maktaba ananiazima viwiliviwili kwa sababu narudisha bila kukunja kurasa. Shida yangu ni mdahalo. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja husimama mbele ya darasa na kutetea hoja. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafungua mdomo, nikaufunga, nikakaa. Mwalimu akasema, "Tunashukuru kwa hoja fupi." Darasa likavunjika kwa kicheko. Tangu hapo jina langu ni Bubu. Hata matroni ameanza kuniita hivyo, ingawa yeye hujisahihisha.

Laiti wangejua mimi ni mtoto wa nani! Baba yangu ndiye Mbiu, mtu ambaye halmashauri haina neno mpaka yeye apite nalo na pikipiki na kipaza sauti. Na wangejua kwamba Desemba, kikohozi kilipokubana, Bubu huyuhuyu alijifunika blanketi ghalani na kurekodi kwenye kadi ya kumbukumbu ya kipaza sauti: "Wananchi, mnatangaziwa..." Bado nayakumbuka matangazo yote manne. Mbwa wapelekwe kuchanjwa. Mtu asichome nyasi wakati wa upepo. Mtu asiguse waya wa umeme ulioanguka. Na lile refu: lango la bwawa litafunguliwa siku ya Jumamosi asubuhi, mtu yeyote asivuke mto wala asishuke kwenye bustani za ukingoni.

Uliniahidi kuzifuta sauti zile ukipona. Umepona? Nauliza kwa sababu uliahidi pia kunipigia kwa simu ya matroni Jumapili. Kila Jumapili nasimama nje ya mlango wake nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu, Baba, havina kamba.

Nisalimie Shangazi, na Bibi Nimesikia. Bado anakujibu ukipita?

Mwanao

*

Nyumbani, Februari 11

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Kwanza, ondoa wasiwasi. Kikohozi kimekwisha, sauti imerudi, nanguruma kama zamani. Jana tu karani wa halmashauri amelalamika kwamba nimemwamshia mtoto. Zile sauti zako nilizitumia wiki ile moja basi. Kutokupiga simu ni mtandao. Huku mtandao ni kama paka, unakuja unapotaka wenyewe.

Pili, hilo la mdahalo. Mimi nilipoanza kazi hii hujazaliwa. Siku ya kwanza nilitangaza njia nzima kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Nilifika mwisho wa bonde nikaona hakuna aliyetoka nje. Nikarudi mwanzo, nikaanza upya. Kwa hiyo usijali kuitwa Bubu. Hata baba yako aliwahi kuwa.

Bibi Nimesikia yupo kwenye nyumba yake ileile ya mwisho, kabla ya kivuko. Macho yamezidi kufifia, lakini masikio ni ya sungura. Nikipita tu anainuka kwenye kigoda, anashika nguzo ya baraza, anaita, "Nimesikia, mwanangu!" Utadhani halmashauri nzima iliketi kwa ajili yake peke yake. Juzi ameongeza, "Na binti yako umwambie nimesikia!" Basi nakwambia.

Soma sana. Kula.

Baba yako

*

Kwenye mashine, Februari 20

Mwali wa kaka yangu,

Dereva wa lori la unga anateremka mjini kesho, nimempa sabuni, kalamu na barua hii. Akikwambia sabuni zilikuwa pungufu tangu mwanzo, ujue ameoga.

Huku tu wazima. Mashine inasaga, mimi nakohoa unga. Wewe huku bado upo, mwanangu! Wenzako wakienda shule tunawasahau, wewe tunakusikia kila wiki. Baba yako akikata kona tu pale kwenye mikalitusi, watoto wanaacha kupanga foleni, wanakimbilia barabarani kukupokea. Ukisema "mnatangaziwa", wanakuitikia. Ukisema "siku ya", wanamalizia wao. Wameshakukariri kuliko mwalimu wao.

Ila nikuchekeshe. Wiki iliyopita umetuambia tupeleke mbwa kuchanjwa. Haya, bonde zima tukakamata mbwa. Jirani yangu alimfunga wake kwa mkanda wa suruali, suruali akaishika kwa mkono. Tumefika kwenye uwanja wa mnada, daktari wa mifugo anatutazama, sisi tunamtazama.

"Mbuzi wako wapi?" akauliza.

"Mbuzi wa nini?"

"Nimekuja kuchanja mbuzi! Nimeandika tangazo wiki nzima iliyopita!"

"Sisi tumeambiwa mbwa."

"Nani kawaambia?"

Tukamwonyesha baba yako. Yeye akainua mabega, akatabasamu, akawasha pikipiki. Siku hizi kaka yangu amekuwa mpole ajabu. Ukimsalimia anakupungia. Ukimtania anacheka bila sauti. Labda ni upweke wa kukukosa.

Mbwa walipigana vizuri sana. Kwa hiyo hatukupoteza siku.

Shangazi yako

*

Bwenini, Februari 26

Shikamoo Baba,

Nataka kuuliza jambo, na nimeliandika mara nyingi kwenye karatasi chakavu kabla ya hii, ili lisiwe na utovu wa adabu.

Shangazi ameniandikia kuhusu mbwa na mbuzi. Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka, maana hawakuwahi kunisikia nikicheka. Halafu, usiku wa kujisomea, kicheko kikaniishia. Mimi sikuwahi kurekodi tangazo la mbuzi. Nilirekodi la mbwa. Wewe ulipewa karatasi ya mbuzi, ukatafuta kwenye kadi sauti inayoikaribia.

Shangazi anasema mnanisikia kila wiki. Wewe uliniandikia wiki moja basi. Shangazi anasema unapunga mkono tu ukisalimiwa. Simu hupigi. Baba, nimezijumlisha hizi, na jawabu linanitisha. Nadhani sauti haijarudi.

Kama nimekosea, nipige marufuku kusoma riwaya kwa mwaka mzima. Kama sijakosea, naomba uende hospitali, na umwambie karani. Mbwa na mbuzi ni kichekesho. Lakini mvua zinakuja, na bwawa ni lilelile. Ikitokea karatasi ikasema jambo ambalo mimi sikulisema chini ya blanketi, watu wa ukingoni wataambiwa na nani?

Naomba radhi kama nimevuka mipaka.

Mwanao

*

Nyumbani, Machi 6

Mwanangu,

Nilikasirika nilipoisoma. Nikaenda kuchota maji, nikarudi, nikaisoma tena. Hasira ikabaki kisimani.

Hujakosea. Haijarudi. Asubuhi inatoka kidogo kama mlango wenye kutu, mchana hakuna kitu. Nilikwenda zahanati mwezi wa kwanza. Mganga aliangalia kooni akasema kuna kitu kimeota mle, niende hospitali kubwa, na nisiseme hata neno mpaka wakakione. Hilo la mwisho ndilo pekee nimelifuata, kwa kukosa hiari.

Nitakwenda mvua zikiisha. Lakini sikiliza. Mimi bondeni si mtu wa mashamba wala wa duka. Mimi ni Mbiu. Karani akijua, kesho yake kipaza sauti kinafungwa kwa mwingine, na mimi nitakuwa mwanamume anayepita barabarani na pikipiki bila sababu. Niache nimalize msimu huu.

Kuhusu lango, usihangaike. Lango hufunguliwa Jumamosi. Miaka yote ni Jumamosi kwa sababu ndiyo siku ya soko, watu wote wako mlimani na bonde ni tupu. Ulilisema vizuri kuliko nilivyowahi kulisema mimi.

Usimwambie mtu. Shangazi yako hasa. Moyo wake ni mzuri, lakini mdomo wake ni mashine, ukitia punje tu inatoka unga.

Baba yako

*

Bwenini, Machi 13

Shikamoo Shangazi,

Asante kwa sabuni. Zimefika pungufu.

Nina ombi dogo ambalo siwezi kulieleza vizuri. Mvua zikianza, naomba Baba akipita na tangazo la bwawa, mlisikilize kwa makini sana. Yaani si kwa mazoea. Ikiwezekana, ukienda upande wa halmashauri, tazama pia karatasi iliyobandikwa mlangoni. Siwezi kusema zaidi ya hapo kwa sababu nimeahidi. Labda hakuna lolote na ni vitabu vinanisumbua. Mtunza maktaba anasema nasoma vitu vizito.

Naomba usimwambie Baba kwamba nimekuandikia.

Mpwa wako

*

Kwenye mashine, Machi 22

Mpwa wangu,

Nimekusikia, nimekusikia. Tutasikiliza kwa makini. Umetukumbuka, tumefurahi. Nilivyowasomea watoto wa foleni barua yako (hilo la sabuni nililiruka, dereva alikuwepo), wakasema, "Anataka tumsikilize vizuri!" Sasa wanakariri kwa bidii zaidi, hata pale unapovuta pumzi wanavuta.

Huko mlangoni pa halmashauri sijafika, mashine hainipi nafasi. Wewe punguza vitabu vizito. Msichana wa umri wako asome hata magazeti.

Shangazi yako

*

Nyumbani, Aprili 3

Mwanangu,

Mvua imekuwa kubwa. Lango limefunguliwa, maji yamepita. Nyumba yetu haikuguswa. Mashine ya Shangazi iliingia matope hadi kwenye mkanda lakini ameshaisafisha. Mimi mzima. Shangazi mzima.

Nitachelewa kidogo kuandika.

Baba

*

Bwenini, Aprili 10

Shikamoo Baba,

Nimeshukuru kusikia mko wazima. Hapa pia inanyesha. Juzi maji yameingia darasani, na mwalimu wa jiografia akafundisha mmomonyoko wa udongo akiwa amesimama juu ya kiti.

Barua yako ilikuwa fupi. Nimeigeuza nyuma kutazama kama kuna mengine. Hukuniambia lango lilifunguliwa siku gani. Na hukuniambia Bibi Nimesikia alijibuje. Huwa unaniambia. Hata kwenye ile barua ya hasira ulisahau kunisalimia, lakini nilijua ulikuwa umekasirika. Hii haina hasira. Haina kitu.

Baba, Bibi alijibuje?

Mwanao

*

Kwenye mashine, Aprili 19

Mpwa wangu mpenzi,

Baba yako amenipa barua yako. Hakusema kitu, nami sasa najua kwa nini hasemi. Ameniomba kwa mikono niijibu mimi. Tulikubaliana usiambiwe mpaka mitihani ipite, lakini umeuliza swali lenyewe, na mtu akiuliza swali lenyewe kumdanganya ni kumtukana. Kaa chini kwanza. Kaa kwenye hizo ngazi zako.

Bibi hatunaye. Maji yalimchukua kwenye bustani yake ya ukingoni, asubuhi, akichuma mboga. Tulimpata siku hiyohiyo, kwenye matete chini ya kivuko. Tumemzika vizuri. Bonde zima lilikuja.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana najua kichwa chako, ukiachiwa nafasi utaijaza na mabaya zaidi.

Bwawa lilijaa upesi kuliko miaka yote. Halmashauri ikaandika lango lifunguliwe Alhamisi, haliwezi kungoja Jumamosi. Jumatano baba yako akapewa karatasi. Akapita na mvua. Alikuwa amepanga hivi: akuache wewe useme mpaka "siku ya", hapo akukate, yeye mwenyewe atie "Alhamisi" kwa sauti yoyote aliyobaki nayo. Alijaribu nyumbani asubuhi, ameniandikia kwamba ilitoka.

Alipofika hapa kwangu haikutoka. Ulisema, "Lango la bwawa litafunguliwa siku ya," kipaza sauti kikakwaruza, kikapuliza kama mtu anazima kibatari. Na watoto, mwanangu, watoto wakajaza wenyewe: "Jumamosi asubuhi!" Wakapiga makofi. Baba yako akatikisa kichwa. Akakurudisha nyuma, akakukata tena, akapuliza tena. "Jumamosi asubuhi!" Akashuka kwenye pikipiki, akawa anapunga mikono yote miwili kwenye mvua. Watu wakasema, leo Mbiu anacheza. Nami nilicheka. Nakwambia ukweli, nilicheka.

Ndipo akaokota mkaa, akaandika kwenye ukuta wangu herufi kubwa: ALHAMISI. KESHO. Kicheko kikatukauka. Wenye kusoma tukawaambia wasiosoma, tukatawanyika kuhamisha vitu na mifugo. Bustani zote za upande huu zilikuwa tupu maji yalipokuja. Uliniambia nisikilize kwa makini, si kwa mazoea. Nilifanya kinyume chake huku nikidhani nakutii.

Nilimuuliza, "Na Bibi wa kivukoni?" Maana alikuwa ametokea upande ule. Akaitikia kwa kichwa na kugusa sikio lake. Ameshasikia. Nikaridhika.

Alikuwa amefika kwake kabla ya kuja kwangu. Kule hakuna watoto wala jirani wa karibu. Alishuka, akamshika mkono, akamnong'oneza sikioni, kumbe inatoka pumzi tupu. Bibi akampapasa kifuani, akamwambia, "Pole na mafua, baba. Nimesikia, nimesikia." Kaka yangu akaondoka na lile neno. Miaka yote hiyo lilikuwa halijawahi kumdanganya.

Usijitie lawama. Kama ni kugawana, foleni ni ndefu, na mimi niko mbele yako.

Shangazi yako

*

Hospitali kubwa, wodi ya koo na masikio, Mei 8

Mwanangu,

Shangazi amekueleza. Nilipaswa kukueleza mimi. Nilikuandikia zile sentensi chache nikidhani nakulinda, kumbe nilikuwa nakata tangazo katikati kama nilivyofanya barabarani.

Baada ya mazishi halmashauri iliita mkutano. Nilikaa mbele na kipaza sauti mapajani. Karani akauliza nani ana neno. Nikampa karatasi yangu, akaisoma yeye: kwamba sauti ilinipotea tangu Desemba, kwamba nilificha, kwamba mwanangu aliniambia mapema nami nikamfunga mdomo. Hapo pa mwisho karani alisita, akanitazama, nikamwashiria aendelee. Nilitaka bonde lisikie kwamba wewe ulisema.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningependa wangenipigia. Mtoto wa Bibi, yule fundi seremala anayeishi mjini, alinijia mwishoni akauliza, "Mama alikwambia amesikia?" Nikaitikia. Akasema, "Alikuwa anasema hivyo hata mimi nikimwambia aje kuishi kwangu." Akanishika bega, akaenda zake. Sijui kama ni msamaha. Sikuuliza, na hata ningetaka, ningeuliza na nini?

Wamenipasua Jumatatu. Kilichoota kimetolewa, wamekipeleka kupimwa. Daktari anasema huenda nikarudi kusema, huenda nikabaki kunong'ona. Wodi hii tuko wanaume wengi tusio na sauti. Tunagombana kwa kuandikiana, na mmoja ana mwandiko mbaya, kwa hiyo ndiye anayeshinda kila mara.

Jambo moja nataka ulishike. Ile ilikuwa sauti yako, lakini aliyeicheza ni mimi. Wewe ulisema ukweli wa Desemba. Mimi ndiye niliyeusemesha Aprili.

Baba yako

*

Nyumbani, Juni 21

Shikamoo Baba,

Nimefika likizo salama. Nyumba ni kavu, inakungoja utoke wodini. Kuku wako wanamtii Shangazi kwa hofu.

Kwanza nikwambie la shule. Mdahalo wa mwisho, nilisimama. Hoja ilikuwa eti magazeti ni bora kuliko redio. Nilisahau nusu ya niliyoandaa, lakini nilisema mpaka mwisho. Nilipomaliza niliuliza darasa, "Nimesema nini?" Wakashangaa. Hakuna anayeuliza hivyo kwenye mdahalo. Msichana mmoja wa nyuma akarudia hoja zangu mbili, na moja alikuwa ameielewa kinyume. Nikairudia. Mwalimu safari hii hakutania. Bado naitwa Bubu, lakini nadhani sasa ni kwa mapenzi.

La pili. Karani alikuja nyumbani juzi. Hawajapata mtu wa kudumu, na bwawa limejaa tena kwa mvua hizi zisizo na ratiba. Aliniuliza kama ningeweza kurekodi. Nilimwambia hapana. Nilikuwa nimeshazifuta zile sauti nne, nilizifuta siku niliyofika, kabla sijavua viatu. Nikamwambia sitarekodi, nitakwenda. Akanipa karatasi: lango litafunguliwa siku ya Jumatano.

Shangazi ndiye aliyeendesha pikipiki. Anaiendesha kama anasaga mahindi, anatia moto bila kuangalia kinachoingia. Kila nyumba nilimwambia asimame na azime. Nikatangaza, halafu nikauliza, "Siku gani?" Sikuondoka mpaka mtu ajibu siku yenyewe.

Watu waliona ajabu. Mzee mwenye nyuki alinijibu, "Nimesikia, nenda."

"Siku gani, babu?"

"Nimesema nimesikia! Wewe binti wa Mbiu umetoka shuleni kuja kutupa mtihani?"

"Ndiyo, babu. Siku gani?"

Akasema, "Jumamosi." Halafu akajishika kinywa, na mkewe akaanza kulia mle ndani. Nikarudia. Akajibu, "Jumatano. Jumatano, mwanangu." Pale kwenye mashine watoto walikuwa wamejipanga kimya. Hawakunimalizia sentensi. Nilipowauliza, wakanijibu mmojammoja, hata yule mdogo ambaye bado hajui siku za wiki. Alisema "Jumatano" kama jina la mtu.

Tulichelewa sana. Shangazi alilalamika kwamba kwa mwendo huu lango litafunguliwa sisi tukiwa bado njiani. Lakini alikuwa anazima kila nyumba bila kuambiwa.

Nyumba ya mwisho mlango umefungwa kwa waya. Kigoda bado kiko barazani, na nguzo ile ina alama mahali mkono wake ulipokuwa ukishika. Shangazi alisema tupite tu. Nikamwomba asimame.

Nilitangaza, Baba. Nilitangaza lote, polepole, mpaka bustani za ukingoni. Kisha nikauliza siku gani, kama kwa wengine.

Tulisubiri. Mto ulikuwa unasikika chini. Shangazi alikuwa amenipa mgongo, mikono kwenye usukani. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Jumatano."

Ndipo tukaondoka.

Mwanao